Matumizi ya Viuavijasumu kwa Wagonjwa wa Maambukizi ya Virusi katika Njia ya Hewa: Mashaka ya Mtoa Huduma kama Kiini cha Tatizo katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Maambukizi mengi ya njia ya hewa husababishwa na virusi, na virusi haviuliwi na viuavijasumu. Hata hivyo, mgonjwa wa mafua au kikohozi anayefika katika zahanati, kituo cha afya au duka la dawa katika nchi za Afrika Mashariki mara nyingi huondoka na dawa hizo mkononi. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo inaendelea licha ya miongozo na kampeni za elimu kwa umma. Yanatumia matokeo ya tafiti zilizofanyika Dar es Salaam, Ifakara, Kilifi na Lilongwe, pamoja na takwimu za Shirika la Afya Duniani kuhusu janga la UVIKO-19. Hoja kuu ni kwamba chanzo cha tatizo ni mashaka: mtoa huduma hana njia ya kumtambua mgonjwa mmoja mwenye bakteria miongoni mwa wengi wenye virusi, na anajua kuwa kumkosa huyo mmoja kunaweza kugharimu uhai. Makala yanaonesha kwamba pale ambapo mashaka hayo yalipunguzwa kwa vifaa na mwongozo, utoaji wa viuavijasumu ulishuka kwa kiasi kikubwa bila wagonjwa kudhurika. Yanahitimisha kwa kupendekeza hatua za kisera zinazolenga chumba cha matibabu, duka la dawa, lugha ya maelezo na vipimo vya ufuatiliaji.

Maneno Msingi: viuavijasumu, virusi, njia ya hewa, nimonia, usugu wa vimelea dhidi ya dawa

1.0 Utangulizi

Maambukizi ya njia ya hewa ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowapeleka watu katika vituo vya kutolea huduma za afya. Chini ya jina hilo yamo mafua, maumivu ya koo, mkamba, influenza, UVIKO-19 na nimonia. Mengi ya maradhi haya hutokana na virusi na hupona yenyewe. Machache hutokana na bakteria, na baadhi ya hayo machache huua yasipotibiwa kwa wakati. Kwa hiyo, swali linalomkabili mtoa huduma kila siku ni lile la kuamua ni mgonjwa yupi kati ya waliopanga foleni anayehitaji kiuavijasumu.

Mijadala mingi kuhusu matumizi yasiyo sahihi ya dawa hizi huelekeza lawama kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni mgonjwa, anayedaiwa kuwa hana elimu na hununua dawa kiholela. Upande wa pili ni mtoa huduma, anayedaiwa kuwa mzembe au mwenye tamaa ya faida. Lawama hizo zina chembe za ukweli, lakini hazitoshi kueleza kwa nini hata tabibu aliyesoma vizuri, anayefanya kazi katika kituo cha umma na asiyepata faida yoyote kutokana na dawa, huandika amoksilini kwa mtoto mwenye mafua. Makala haya yanachunguza pengo hilo la maelezo.

2.0 Kwa Nini Kiuavijasumu Hakitibu Maambukizi ya Virusi

Kiuavijasumu hufanya kazi kwa kushambulia kiungo au mchakato ambao bakteria anao na seli ya binadamu haina, au inao kwa umbo tofauti. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliitambua mwaka 1928, na amoksilini inayotokana na ukoo huo, huzuia ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria. Ukuta unapokosa nguvu, seli hupasuka. Azithromaisini hufunga mtambo wa bakteria wa kutengeneza protini. Kirusi hakina ukuta wa seli wala mtambo wake chenyewe wa protini. Huingia ndani ya seli ya binadamu na kutumia mitambo ya seli hiyo kujizalisha. Kwa sababu hiyo, amoksilini inapofika mwilini mwa mgonjwa wa mafua haikuti kitu cha kushambulia katika kirusi.

Hii haina maana kwamba dawa hiyo haifanyi lolote. Hukutana na bakteria wengine wanaoishi mwilini bila kudhuru, hasa katika utumbo, koo na pua. Watoto wengi wadogo hubeba puani bakteria wa pneumokokasi bila kuugua. Dozi ya kiuavijasumu huwaua walio dhaifu na kuwaacha wanaostahimili, na hao ndio wanaozaliana na kuenea kwa ndugu, wanafunzi wenza na majirani. Siku nimonia ya kweli inapotokea, huenda mtoto akaugua kutokana na bakteria ambaye dawa ya kwanza haimwezi tena. Fleming mwenyewe alitoa tahadhari kuhusu usugu wa aina hii katika mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel mwaka 1945.

Madhara mengine ni ya moja kwa moja: kuharisha, mzio, na gharama kwa familia. Katika kanda ambayo kifua kikuu bado ni tishio, kuna hatari ya ziada. Mtu mzima anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu. Akipewa kiuavijasumu kimoja baada ya kingine, siku zinapita bila kupimwa. Baadhi ya dawa, hasa za kundi la fluorokwinoloni kama levofloksasini, huweza kutuliza dalili za kifua kikuu kwa muda bila kuuponya, na hivyo kuchelewesha utambuzi.

Ukubwa wa gharama hiyo unajulikana. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao. Maambukizi ya sehemu za chini za njia ya hewa yaliongoza kwa kuchangia zaidi ya vifo milioni 1.5 kati ya vile vilivyohusishwa. Kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu kilikuwa Afrika Magharibi kusini mwa Sahara. Hivyo, mafua yanayotibiwa kwa amoksilini na nimonia isiyosikia amoksilini ni sehemu mbili za hesabu moja.

3.0 Virusi na Bakteria: Ushahidi kutoka Katika Kanda

Tafiti mbili zinasaidia kuonesha uwiano halisi wa virusi na bakteria katika Afrika Mashariki.

Utafiti wa kwanza ulifanyika Dar es Salaam na Ifakara, nchini Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2014 katika The New England Journal of Medicine. Watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa na kurudi nyumbani walichunguzwa kwa vipimo vingi vya maabara. Maambukizi makali ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62 ya watoto hao, na katika kundi hilo ni asilimia 5 tu waliothibitika kwa picha ya eksirei kuwa na nimonia. Malaria ilikuwa takribani asilimia 10. Kwa ujumla, asilimia 70.5 ya watoto walikuwa na ugonjwa wa virusi, asilimia 22 wa bakteria na asilimia 10.9 wa vimelea vingine. Jumla inazidi mia kwa kuwa baadhi yao walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja.

Utafiti wa pili ulihusu watoto waliolazwa kwa nimonia kali katika nchi saba, na Kilifi katika pwani ya Kenya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Hata miongoni mwa watoto hao waliokuwa mahututi zaidi, ambao hawakuwa na virusi vya UKIMWI na ambao picha ya kifua ilithibitisha ugonjwa, virusi vilikadiriwa kuwa chanzo katika asilimia 61 na bakteria katika asilimia 27. Kirusi kimoja, kile kinachojulikana kwa kifupi kama RSV, peke yake kilichangia asilimia 31.

Takwimu hizi zinaweza kusomwa kwa njia mbili, na zote mbili ni sahihi. Msomaji wa kwanza ataona kwamba wagonjwa wengi hawahitaji kiuavijasumu. Msomaji wa pili ataona kwamba zaidi ya robo ya watoto wenye nimonia kali walikihitaji, na kwamba ilihitajika maabara ya kitafiti kuwatambua. Mtabibu wa zahanati ya kijijini hana maabara hiyo. Mradi wa MAAP, uliochunguza nchi 14 za Afrika zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, ulibaini kuwa ni asilimia 1.3 tu ya maabara takribani 50,000 zilizoangaliwa zilizokuwa na uwezo wa kufanya vipimo vya bakteria.

4.0 Namna Mashaka Yanavyozaa Dawa

4.1 Dalili zinazofanana

Homa, kikohozi, mafua na kupumua kwa shida hujitokeza katika maradhi ya virusi na ya bakteria kwa pamoja. Imani iliyoenea kwamba makohozi ya kijani au ya njano ni alama ya bakteria haina msingi imara. Rangi hiyo hutokana na seli za kinga za mwili na huonekana katika maambukizi ya virusi pia.

Kwa kutambua ugumu huo, Shirika la Afya Duniani liliweka kigezo rahisi cha kuhesabu pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa miezi 12 hadi 59 anayepumua mara 40 au zaidi, huchukuliwa kuwa na nimonia na hupewa amoksilini. Kigezo hiki kimeokoa watoto wengi kwa sababu kinaweza kutumiwa na mhudumu yeyote mwenye saa. Udhaifu wake ni kwamba kimekusudiwa kutomkosa mgonjwa, na hivyo huwajumuisha watoto wengi wenye virusi, wenye pumu au wenye homa tu.

4.2 Kipimo cha malaria na mlango wa pili

Kwa miaka mingi, homa ilitibiwa kama malaria hadi ithibitike vinginevyo. Kuja kwa vipimo vya haraka vya malaria kulibadili desturi hiyo na kupunguza matumizi yasiyo ya lazima ya dawa za malaria. Lakini kulikuwa na matokeo ambayo hayakutarajiwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ, ukihusisha zaidi ya wagonjwa 500,000 kutoka Afghanistan na nchi tano za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo, ulionesha kwamba asilimia 69 ya wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana malaria walipewa kiuavijasumu, ikilinganishwa na asilimia 40 ya waliokutwa nayo.

Tafsiri ya matokeo haya ni muhimu kwa watunga sera. Kipimo kilimwambia mtabibu ugonjwa usio, lakini hakikumwambia ugonjwa uliopo. Mbele yake bado alikuwapo mtoto mwenye homa na mama aliyetembea kilomita kadhaa. Mlango wa dawa ya malaria ulipofungwa, aliufungua ule uliokuwa jirani. Hapa haikosekani elimu. Aliufuata mwongozo wa malaria ipasavyo. Kilichokosekana ni hatua inayofuata.

4.3 Gharama ya kukosea

Mashaka hayalingani uzito pande zote mbili. Mtabibu akimpa mtoto wa mafua dawa asiyoihitaji, madhara hutawanyika katika jamii na hayaonekani. Akimnyima dawa mtoto mwenye nimonia ya bakteria, madhara yana jina na kaburi.

Hofu hii haikutungwa. Majaribio yaliyofanyika Lilongwe, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2019, yaliwagawa watoto waliokuwa na nimonia isiyo kali ya kupumua haraka katika makundi mawili: waliopewa amoksilini kwa siku tatu na waliopewa dawa isiyo na kiambato. Matibabu yalishindwa kwa asilimia 4 ya kundi la kwanza na asilimia 7 ya kundi la pili. Kwa maneno mengine, ilibidi kuwatibu watoto 33 ili kumsaidia mmoja. Watoto wengi wasiopewa dawa walipona, lakini tofauti ilikuwapo. Sera yoyote inayomwambia mtabibu apunguze dawa bila kumpa njia ya kumtambua huyo mmoja kati ya 33 inamtaka abebe peke yake hatari ambayo mfumo mzima umeshindwa kuibeba.

Historia nayo huikuza hofu hiyo. Katika janga la influenza la mwaka 1918, vifo vingi vilitokana na nimonia ya bakteria iliyofuata baada ya virusi kudhoofisha mapafu. Baadaye, wazo la kutoa kiuavijasumu kwa tahadhari lilikaa katika mafunzo ya utabibu. Hata hivyo, kumkinga mgonjwa wa kawaida wa mafua kwa kiuavijasumu hakujathibitika kuzuia matatizo hayo. Kinachosaidia ni kumfuatilia, na kumrudisha kituoni upesi hali inapobadilika.

4.4 Muda unavyoipa dawa sifa

Mafua hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua ndani ya takribani siku saba hadi kumi. Kikohozi cha mkamba huweza kuendelea hadi wiki tatu. Mgonjwa huenda kituoni au dukani siku anapozidiwa, yaani karibu na kilele. Kwa hiyo, chochote atakachopewa siku hiyo kitafuatiwa na nafuu. Akipewa kapsuli, kapsuli itapata sifa. Mafua yanayofuata atadai kapsuli ileile, na mtoa huduma aliyeshuhudia wagonjwa wengi wakirudi na shukrani ataiamini pia. Uzoefu huu wa pande zote mbili ni wa kweli kama uzoefu. Kasoro iko katika hitimisho linalotolewa.

5.0 Lugha kama Sehemu ya Tatizo na ya Tiba

Maelezo ya mtoa huduma hupita katika lugha, na Kiswahili cha kila siku hakitenganishi mambo ambayo sayansi inayatenganisha. Neno wadudu au vijidudu hutumika kwa bakteria, virusi, fangasi na vimelea vya malaria bila ubaguzi. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa ana vijidudu, na kwamba kuna dawa ya kuua vijidudu, ana haki ya kushangaa anapoambiwa kuwa dawa hiyo haimfai. Mantiki yake ni sahihi. Tatizo ni msamiati aliopewa.

Hali inakuwa ngumu zaidi katika mawasiliano ya kikanda. Nchini Tanzania, homa kwa kawaida ni kupanda kwa joto la mwili, na ugonjwa wa kutokwa kamasi huitwa mafua. Nchini Kenya, watu wengi hutumia neno homa kwa maana ya mafua yenyewe. Bango moja linalosema kwamba homa haihitaji kiuavijasumu lingeeleweka kwa namna mbili katika pande mbili za mpaka, na kwa upande wa Tanzania lingekuwa hatari, kwa kuwa homa huweza kuwa dalili ya malaria au ya maambukizi makali ya bakteria.

Istilahi ya usugu nayo inahitaji uangalifu. Kirai kifupi usugu wa dawa huwafanya wengi wadhani kwamba mwili wa mgonjwa ndio uliozoea dawa, na kwa hiyo asiyetumia dawa mara kwa mara yuko salama. Istilahi inayotumika Tanzania, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, inataja wazi ni nani aliye sugu. Vimelea sugu huhama kutoka mtu hadi mtu; hata asiyewahi kumeza kapsuli anaweza kuvipata. Tofauti hii ya maneno machache ndiyo inayobadilisha suala kutoka kosa la mtu binafsi kuwa hatari ya jamii.

Vilevile, kampeni kama Holela-Holela Itakukosti ya nchini Tanzania zimefanikiwa kulitia suala hili katika mazungumzo ya kawaida. Mkazo wake, kama ulivyo katika kampeni nyingi za aina hii duniani, uko kwa mnunuzi wa dawa. Mkazo huo unahitaji kukamilishwa na ujumbe unaomwelekeza mtoa huduma, ambaye ndiye huanzisha dozi nyingi.

6.0 Funzo la UVIKO-19

Janga la UVIKO-19 lilikuwa jaribio kubwa lisilopangwa kuhusu tabia inayojadiliwa hapa. Tofauti na mafua ya kawaida, mara nyingi kirusi kilikuwa kimethibitishwa kwa kipimo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Aprili 2024, kwa kutumia taarifa za wagonjwa takribani 450,000 waliolazwa katika nchi 65 kati ya Januari 2020 na Machi 2023, kwamba asilimia 8 tu ya wagonjwa walikuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji kiuavijasumu, ilhali takribani asilimia 75 walipewa dawa hizo. Kiwango kilikuwa asilimia 33 katika kanda ya Pasifiki ya Magharibi na kilifikia asilimia 83 katika kanda za Afrika na Mediterania ya Mashariki. Kwa wagonjwa wasio mahututi, Afrika iliongoza kwa asilimia 79. Aidha, wakati kiwango kilishuka kadiri muda ulivyokwenda katika Ulaya na Amerika, katika Afrika kilipanda.

Azithromaisini ilitumika sana katika kipindi hicho kwa matumaini kwamba ingepunguza makali ya ugonjwa. Majaribio ya RECOVERY nchini Uingereza, yaliyohusisha zaidi ya wagonjwa 7,700 waliolazwa na kuchapishwa mwaka 2021, yalionesha kwamba asilimia 22 walifariki ndani ya siku 28, wawe wamepewa dawa hiyo au la.

Funzo linalopatikana ni kwamba kujua jina la kirusi peke yake hakukuondoa mashaka. Mtabibu aliendelea kujiuliza iwapo bakteria wamejificha nyuma ya kirusi, na katika wodi isiyokuwa na oksijeni ya kutosha wala maabara ya bakteria, kiuavijasumu kilikuwa ndiyo tiba pekee iliyokuwa karibu.

7.0 Njia Zilizothibitika Kupunguza Mashaka

Ikiwa mashaka ndiyo kiini, basi hatua zinazoyapunguza zinapaswa kupunguza dawa. Ushahidi kutoka Tanzania unaunga mkono matarajio hayo.

Majaribio yaliyofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2017 yaliwahusisha zaidi ya watoto 3,000 wa miezi 2 hadi 59. Waganga walitumia mwongozo wa kielektroniki uitwao ePOCT, uliounganisha dalili, kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni, na vipimo vya tone la damu, kikiwamo cha protini ya CRP ambayo hupanda sana mwili unapopambana na bakteria. Viuavijasumu vilitolewa kwa asilimia 11.5 ya watoto, ikilinganishwa na asilimia 29.7 kwa waliotibiwa kwa mwongozo mwingine wa kielektroniki, na asilimia 94.9 katika huduma ya kawaida. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba matibabu yalishindwa kwa asilimia 2.3 tu ya kundi la ePOCT dhidi ya asilimia 4.1 ya kundi la mwongozo mwingine. Dawa zilipungua na watoto walipona vizuri zaidi.

Swali lililobaki lilikuwa iwapo matokeo hayo yangedumu nje ya mazingira ya kitafiti. Toleo lililoboreshwa la mwongozo huo lilijaribiwa katika vituo 40 vya huduma ya msingi katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, na matokeo kuchapishwa mwaka 2024. Katika vituo vilivyotumia mwongozo, asilimia 23.2 ya watoto walipewa kiuavijasumu; katika vituo vya kawaida, asilimia 70.1. Kiwango cha kushindwa kwa matibabu kilikuwa sawa kwa pande zote mbili.

Chanjo ni njia nyingine ya kupunguza mashaka, ingawa mara nyingi haihesabiwi hivyo. Baada ya Kenya kuanza kutoa chanjo ya pneumokokasi mwaka 2011, ugonjwa mkali unaotokana na aina za bakteria zilizomo katika chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano huko Kilifi. Kila chanjo ya aina hiyo hupunguza uwezekano kwamba mtoto aliyeketi mbele ya mtabibu ana bakteria wa kuua. Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wake wa kwanza wa kupendekeza kinga dhidi ya RSV kwa ajili ya watoto wachanga, ikiwamo chanjo kwa mama mjamzito. Kinga hiyo ikifika katika kanda hii, itapunguza ugonjwa unaochangia sehemu kubwa ya nimonia na, pamoja nao, dozi nyingi zisizo na kazi.

8.0 Mapendekezo ya Kisera

Kwanza, kila mwongozo wa homa unaotumia kipimo cha malaria ueleze hatua inayofuata kipimo kikionesha kuwa hakuna malaria. Hatua hiyo ijumuishe kuhesabu pumzi, kuangalia kama kifua kinabonyea ndani na kupima oksijeni. Kifaa cha kupimia oksijeni kihesabiwe kuwa kifaa cha msingi cha zahanati, kwa kuwa humtambua mgonjwa aliye hatarini bila kujali chanzo.

Pili, mgonjwa asiyepewa kiuavijasumu apewe kitu kingine: dawa ya kutuliza homa na maumivu, maelezo ya siku ambazo kikohozi kinaweza kudumu, vinywaji vya moto na, kwa aliyezidi umri wa mwaka mmoja, asali, pamoja na orodha ya dalili za hatari zinazomtaka arudi mara moja. Mgonjwa anayeondoka mikono mitupu ataingia duka la dawa la karibu.

Tatu, maduka ya dawa yaingizwe katika mpango. Tanzania ilianzisha maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, yenye watoa dawa waliofunzwa na kuruhusiwa kuuza orodha maalumu, vikiwamo baadhi ya viuavijasumu. Katika vijiji vingi maduka ya aina hii ndiyo kituo cha kwanza cha afya. Kuyafungia bila mbadala kutawaumiza wanaohitaji dawa kwa haki. Kuyapa mwongozo uleule wa kupima na kurufaa ni njia yenye tija zaidi.

Nne, vipimo vya ufuatiliaji viangaliwe upya. Mfumo wa AWaRe wa Shirika la Afya Duniani hugawa viuavijasumu katika makundi ya upatikanaji, uangalizi na akiba. Azimio la Umoja wa Mataifa la Septemba 2024 linalenga kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya viuavijasumu vinavyotumika kwa binadamu duniani viwe vya kundi la upatikanaji, ambamo amoksilini imo. Lengo hilo ni jema, lakini linaweza kufikiwa hata kama kila mwenye mafua atapewa amoksilini. Kwa hakika, kufanya hivyo kutapandisha asilimia hiyo. Nchi za kanda zinapaswa kuongeza kigezo cha pili: ni wagonjwa wangapi wa nje wenye maambukizi ya sehemu za juu za njia ya hewa walipewa kiuavijasumu cha aina yoyote.

Tano, Jumuiya ya Afrika Mashariki iandae msamiati wa pamoja wa Kiswahili kuhusu maambukizi na usugu, ukizingatia tofauti za matumizi baina ya nchi. Wanaisimu na wataalamu wa afya washirikiane, na kila ujumbe ujaribiwe kwa wasikilizaji wa pande zote za mpaka kabla ya kusambazwa. Vimelea sugu husafiri na wasafiri na wafanyabiashara. Ujumbe unaovikabili lazima nao uweze kuvuka mpaka bila kubadilika maana.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba viuavijasumu hutolewa kwa wagonjwa wa virusi kwa sababu vinajaza nafasi iliyoachwa wazi na mfumo: nafasi ya kipimo kisichokuwapo, ya mwongozo unaoishia njiani, ya oksijeni iliyopungua na ya neno linalochanganya bakteria na virusi. Elimu kwa umma inahitajika, lakini ikisimama peke yake humhimiza mgonjwa asiombe dawa na kumwacha mtabibu na mashaka yaleyale. Matokeo ya Dar es Salaam, Mbeya na Morogoro yanathibitisha kwamba mtabibu aliyepewa njia ya kutambua hatari hupunguza dawa kwa hiari na kwa usalama. Kinachosubiriwa sasa ni uamuzi wa bajeti: iwapo kifaa cha kidoleni, kipimo cha tone la damu na mwongozo katika simu vitahesabiwa na serikali za kanda kuwa sehemu ya kulinda amoksilini, ili iendelee kufanya kazi kwa mtoto anayeihitaji.